Kiti cha Mkahawani: Faraja na Mipaka Yake katika Riwaya ya Ajabu ya Kijapani

Miongoni mwa fasihi za kigeni zilizoenea upesi katika karne hii ni riwaya za Kijapani ambamo mkahawa mdogo, kikombe cha kahawa au paka hutumiwa kumponya mtu aliyejeruhika moyoni. Aghalabu huhesabiwa kuwa burudani nyepesi. Hukumu hiyo ni ya haraka. Linalostahili kuulizwa ni hili: ajabu imepewa kazi gani katika riwaya hizi, na kazi hiyo inafika wapi?

Paka si mgeni katika riwaya ya Kijapani. Natsume Soseki, katika *Wagahai wa Neko de Aru* (1905–1906), alimfanya paka asiye na jina kuwa msimulizi anayewacheka wasomi wa zama zake. Mwishowe paka huyo hulewa bia, akatumbukia mtungini na kufa. Paka wa leo amebadilika tabia. Katika riwaya ya Hiro Arikawa ya mwaka 2012, paka Nana husafiri pamoja na bwana wake mgonjwa anayemtafutia makao mapya. Kwa Mai Mochizuki (2020), paka ndio wenye mkahawa, nao humsomea mteja nyota zake. Kejeli imeondoka na huruma imeshika nafasi yake.

Riwaya ya Toshikazu Kawaguchi ya mwaka 2015, ambayo jina lake laweza kufasiriwa *Kabla Kahawa Haijapoa*, ndiyo inayoonyesha vyema zaidi kanuni ya kazi hizi. Katika mkahawa mmoja wa Tokyo kuna kiti ambacho akikaliaye huweza kurudi katika wakati uliopita. Masharti ni makali: asiondoke kitini, arejee kabla kahawa haijapoa, na lolote atendalo huko halitabadili yaliyopo. Hirai hurudi kuonana na mdogo wake Kumi, aliyefariki katika ajali ya gari. Hawezi kumwokoa. Hata hivyo, anaporejea, yeye mwenyewe amegeuka, naye huwaendea wazazi aliowakimbia. Hapa fani na dhamira vimeshikana barabara: kahawa inayopoa ni saa ya msiba, na ufinyu wa masharti ndio unaoizuia ajabu isiwe ndoto ya bure. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Kawaguchi huonyesha namna ya kuishi baada ya kumwagika.

Riwaya ya Kiswahili imeitumia ajabu kwa namna nyingine. Katika *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001), mfu pia hukutana na aliye hai. Lakini Babu hamjii mjukuu wake K, mtu wa madaraka, ili kumliwaza. Humjia kumhoji. Katika *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), safari ya ajabu huuweka ulimwengu mzima kizimbani. Kwa watunzi hawa ajabu ni mahakama. Kwa Kawaguchi ni tiba.

Tofauti hii si ya nadharia tupu, kwani msomaji husoma akiwa mahali. Achukuliwe msomaji wa Webuye, mji ambapo njia ya Kitale huchepuka kutoka barabara kuu iendayo Malaba. Hoteli ya chai ya mji huo yaweza kukipokea kiti cha Kawaguchi bila taabu. Mjane akikikalia ili amsikie marehemu mumewe mara moja tena, sharti la kutobadilika kwa yaliyopo litakuwa hekima. Lakini akifuatiwa na mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009, sharti lile lile litamwelemea. Kifo hakina wa kushtakiwa. Kufungwa kwa kiwanda kuna sababu na maamuzi ya watu. Kumfunza mtu huyo kuridhika tu ni kumnyamazisha kwa upole.

Basi, upungufu wa riwaya hizi hautokani na wepesi wake, bali na kuuchukulia kila msiba kama kifo. Mtunzi wa Kiswahili atakayekiazima kiti hicho ana haki ya kufariji, maana fasihi yetu imekuwa na mahakama nyingi na matanga machache. Ila na auache mlango wa swali wazi: maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga ni nani?