Sifa za Kafi

Mgeni akifika Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda karibu na mji wa Kabale, hakosi wa kumpangia siku zake za mapumziko. Ataambiwa aogelee, kwani humu hamna mamba wala viboko. Ataambiwa apande kilima atazame visiwa 29 na mashamba ya matuta, ale kamba wa maji baridi, azungushwe kwa motaboti. Yote ni mema. Ila mwenye nafasi na ashike kafi, ajifunze kuendesha mtumbwi, kwa maana hakuna linalomjulisha mtu ziwa hili zaidi ya hilo.

Mtumbwi wa Bunyonyi huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mkaratusi. Ni mzito, hauna mkuku wala usukani. Mgeni huingia akidhani kazi yote ni nguvu za mikono. Anapiga kafi kulia, chombo kinageukia kushoto. Anaongeza bidii, kinazidi kugeuka. Punde anaitazama tena gati aliyotoka, na watoto walio ufukweni hawana mbavu kwa kicheko.

Siri iko mwishoni mwa pigo. Mwenyeji hukaa tezi, mgongo wima, akalichoma kafi majini mbele ya goti, akalivuta sambamba na ubavu wa mtumbwi. Kisha, kabla ya kulitoa, hulipindua bapa lake na kuyasukuma maji kidogo kwa nje. Msukumo huo ndio usukani wake. Ataweza kuvuka hadi kisiwani bila kubadili upande, na omo isiyumbe. Wakiwa wawili, wa mbele huongeza mwendo tu. Njia anaijua aliye nyuma. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wageni wawili wenye makafi mawili hulithibitisha hilo kabla ya kufika kisiwa cha kwanza.

Ufundi huu haukuzaliwa kwa ajili ya watalii. Ziwa lenyewe, lililo mita 1,960 hivi juu ya usawa wa bahari, lilitokea pale lava ilipoliziba bonde, maji yakapanda na kuingia kila kikorongo. Ndiyo maana jirani unayemwona ng'ambo ni safari ndefu kwa miguu na fupi kwa kafi. Kwa mtumbwi watu huenda sokoni, shambani na shuleni. Mwaka 1931 daktari mmisionari Leonard Sharp alipoanzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Bwama, maisha ya kituo yalitegemea vyombo vya majini. Leo kisiwani humo wanafunzi wanasoma.

Wala tusiusifu ufundi huu kwa kufumba macho. Zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walipelekwa kwa mtumbwi hadi Akampene, kijisiwa cha nyasi, wakaachwa huko wafe kwa njaa na baridi, maana wengi hawakujua kuogelea. Na kijana asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda palepale, akampakia mmoja wao na kumfanya mke. Kafi lilihukumu, na kafi likaokoa.

Motaboti hupita Akampene kwa dakika chache, na sauti yake huwafukuza ndege kabla hujawaona. Mpiga kafi hupenya kando ya mafunjo kimya, akamkuta fisi-maji akiwa shughulini au korongo akitafuta chakula. Tena mwendo wake humpa muda wa kuuliza jina la kila kisiwa na kusikiliza kisa chake hadi mwisho.

Basi ukienda, usikodi mtumbwi ili ubebwe. Mwombe mwenyeji akae mbele, wewe ukae tezi, naye akuelekeze asubuhi nzima. Wapiga kafi wamezoea kulipwa kama wachukuzi. Huyu mlipe ujira wa mwalimu.