Sauti ya Kuazima

Mwaka 1954, Seneta Joseph McCarthy alipokabiliwa na hoja ya kulaumiwa rasmi na maseneta wenzake, wakili aliyeketi ubavuni pake alikuwa kijana wa miaka 34, Edward Bennett Williams. McCarthy alikuwa amewaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti hadi wengi wakapoteza kazi na heshima. Miaka sita baadaye wakili huyohuyo alichukua utetezi wa Igor Melekh, raia wa Urusi ya Kisovieti aliyefanya kazi Umoja wa Mataifa na kushtakiwa kwa ujasusi. Kati ya hao wawili walipita Frank Costello, kinara wa genge la New York. Jimmy Hoffa wa chama cha madereva wa malori. Na Adam Clayton Powell, mbunge mweusi wa Harlem aliyeshtakiwa kwa kukwepa kodi. Siasa hazingeweza kuwakusanya watu hawa chini ya paa moja. Uwakili wa utetezi uliwakusanya.

Kazi hiyo nataka kuisifu, na Williams ananifaa kuliko wengi. Aliifanya kwa kiwango ambacho wachache wa zama zake walikifikia. Tena, akiwa kileleni mwa umaarufu wake, alijitwika kazi nyingine isiyofanana nayo: umiliki wa timu ya mpira. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja, ya pili inakuonyesha kilicho ndani ya ya kwanza.

Watu hudhani wakili wa utetezi huishi kwa ulimi. Filamu zimetuzoesha hivyo: joho, kidole hewani, shahidi anayetokwa jasho. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika pasipo msikilizaji. Ni kulisoma jalada mara ya tano. Ni kuyaweka maelezo ya shahidi aliyoyatoa polisi kando ya yale aliyoyatoa baadaye, na kutafuta yanapopishana. Ni kuijua tarehe ya kila barua na kiasi cha kila hundi, hata zile ambazo upande wa mashtaka umezisahau. Williams alijulikana kwa kuingia mahakamani jalada zima likiwa kichwani, akahoji mashahidi na kutoa majumuisho bila kutazama karatasi. Waliokuwa kwenye mabenchi ya umma waliita kipaji. Waliofanya naye kazi ofisini walijua ni saa ngapi za usiku zilizokilisha kipaji hicho.

Kisha yanakuja maswali ya dodoso, ambapo fundi hujulikana na mwanafunzi huumbuka. Fundi hamuulizi shahidi jambo ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Hamuulizi kwa nini, maana hapo amempa ruhusa ya kuhutubia. Humwekea sentensi fupi, kila moja imebeba jambo moja, kila moja inataka ndiyo au hapana, mpaka shahidi ajikute amefika asikokusudia kwenda. Na pale ambapo mtu mwingine angepandisha sauti kushangilia, fundi huketi. Kesi nyingi nzuri zimeharibiwa na swali moja la ziada, lile la kutaka shahidi akiri mara ya pili alichokwisha kukiri.

Kesi ya Hoffa ya mwaka 1957 inauonyesha ufundi huo, na doa lake pia. Hoffa alidaiwa kumlipa wakili wa New York, John Cye Cheasty, ajipenyeze katika kamati ya Seneti iliyokuwa ikichunguza vyama vya wafanyakazi, ili amletee siri zake. Cheasty alikwenda moja kwa moja kwa Robert Kennedy, mwanasheria wa kamati, na makachero wa FBI wakatega mtego. Kennedy alikuwa na uhakika kiasi cha kuwaambia waandishi kwamba Hoffa akiachiwa, yeye atajirusha kutoka juu ya kuba la Bunge. Williams aliijenga hoja yake juu ya jambo moja: kwamba Hoffa alidhani amemwajiri Cheasty kama mwanasheria wake. Juri ya raia 12 ilimwachia huru, na Williams akatangaza kuwa yuko tayari kumpelekea Kennedy mwavuli wa kurukia.

Lakini siku moja wakati kesi ikiendelea, bondia Joe Louis, shujaa wa kila nyumba ya Wamarekani weusi, alifika mahakamani na kumsalimu Hoffa kama rafiki wa siku nyingi, mbele ya juri ambayo wanane kati ya wajumbe wake walikuwa weusi. Williams alikana kuipanga ziara hiyo. Wengi hawakumwamini. Anayeisifu kazi hii asiliruke jambo hilo, kwa sababu ushawishi na hila hukaa mtaa mmoja, na wakili mwenye kipaji hupita mlangoni pa hila kila siku.

Hapo ndipo swali la zamani linaporudi: unawezaje kumtetea mtu kama yule? Williams alitumia kitabu kizima, alichokichapisha mwaka 1962, kulijibu. Hoja yake ni kwamba haki anazonyimwa mtu mbaya kuliko wote ndizo atakazonyimwa mwema kesho, kwa kuwa anayezinyima ni yuleyule na njia ni ileile. Hoja kama hiyo ni rahisi kuikubali ukiwa umekaa barazani. Thamani yake huonekana inapokuja na mtu mwenye jina na makosa yake.

Nayo ilikuja na wacheza kamari. Polisi wa Washington waliishuku nyumba moja kuwa ni kituo cha kamari. Wakaingia nyumba ya jirani, wakachomeka katika ukuta wa pamoja kinasa sauti chenye urefu wa kama futi moja, kikagusa bomba la kupitishia hewa ya moto. Mfumo mzima wa kupasha nyumba joto ukageuka sikio la serikali. Hawakuwa na hati ya mahakama. Watuhumiwa walitiwa hatiani, na Williams akaifikisha kesi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1961 majaji wote tisa walikubaliana kuwa polisi wameivamia nyumba ya mtu kinyume cha katiba. Walionufaika siku ile walikuwa wacheza kamari. Miaka sita baadaye mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Katz, ilipanua ulinzi huo ukamfuata mtu hata kwenye kibanda cha simu barabarani, ikiiegemea hukumu ya ukuta ule.

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua jambo hili kwa historia yake mwenyewe. Desemba 1952, wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza akaenda Kapenguria kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano, mahali palipochaguliwa kwa kuwa mbali na macho ya watu. Mwaka 1958 alisimama Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere katika shtaka la kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni. Kenyatta alifungwa miaka saba kwa kazi ngumu. Nyerere alitozwa faini. Ukihesabu hukumu tu, Pritt alishindwa mara zote mbili. Lakini machoni pa serikali za wakati ule, washtakiwa hao hawakuwa na heshima kuliko Costello. Orodha ya wanaochukiwa hubadilika, na kazi ya utetezi haiwezi kungoja historia iamue kwanza nani alistahili wakili.

Sasa mpira. Ni ule wa Kimarekani, wa kukimbia na tufe mikononi na kugongana kwa kofia ngumu. Mwaka 1962 Williams alinunua sehemu ndogo ya hisa za timu ya Washington, iliyoitwa Redskins wakati ule na Commanders leo. Mwenye timu, George Preston Marshall, alikuwa wa mwisho katika ligi kuwakubali wachezaji weusi. Alikubali mwaka huohuo, baada ya serikali kumbana kwa kuwa uwanja ulikuwa mali ya umma. Marshall alipougua, mambo yakaangukia mikononi mwa Williams, na kufikia mwaka 1965 yeye ndiye aliyekuwa rais wa klabu.

Aliiendea timu kwa tabia ya wakili: tafuta aliye bora kuliko wote, umlipe, umwache afanye. Mwaka 1969 alimleta Vince Lombardi, kocha aliyetwaa mataji matano akiwa na Green Bay. Timu ikapata msimu wake wa kwanza wa ushindi tangu 1955. Septemba 1970 Lombardi akafariki kwa saratani, akiwa amefundisha Washington msimu mmoja tu. Akaletwa George Allen, ambaye Williams alimtania kwamba alimpa bajeti isiyo na kikomo naye akakivuka kikomo. Januari 1973 wakafika fainali, Super Bowl, wakafungwa 14 kwa 7 na Miami Dolphins, timu iliyomaliza msimu ule bila kupoteza hata mechi moja.

Mechi za nyumbani zilichezwa katika uwanja ambao tangu 1969 uliitwa kwa jina la Robert Kennedy, yule wa kuba. Williams alikaa kwenye jukwaa la wenye timu, amezungukwa na wanasiasa na waandishi. Huko juu, kila alichokuwa bingwa nacho hakikumfaa. Hakuna pingamizi la kuweka refa anapokosea. Hakuna dodoso la kumuuliza mlinzi aliyelala. Jalada ulilokariri usiku kucha halizuii tufe lisidondoke. Mmiliki anaweza kununua karibu kila kitu uwanjani, ila hawezi kusimama.

Tena hata umiliki wenyewe ulikuwa wa nusu. Mwenye hisa nyingi alikuja kuwa Jack Kent Cooke, tajiri aliyekuwa akiishi California, na kwa miaka Williams aliendesha klabu ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mwingine. Cooke alipohamia mashariki na kuishika timu yake, Williams alielekea kwenye besiboli: mwaka 1979 alinunua Baltimore Orioles, waliotwaa ubingwa mwaka 1983. Msimu wa 1988 walianza kwa kupoteza mechi 21 mfululizo. Agosti mwaka huo Williams alifariki kwa saratani, maradhi aliyokuwa amepambana nayo zaidi ya miaka kumi huku akiendelea kwenda mahakamani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye hakuwahi kukubali kwa moyo, lakini alirudi kila mara, na nadhani wahenga wangemhesabu.

Timu humruhusu mtu aseme yangu. Utetezi haumruhusu. Kesi si ya wakili. Akishindwa, anayekwenda jela ni mwingine, na akishinda, anayerudi kwa watoto wake ni mwingine. Wakili ameazimwa shida ya mtu kwa muda, naye amemwazima mtu huyo sauti, kisha kila mmoja anarudisha cha mwenzake. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ya heshima kuliko jukwaa la wenye timu. Inamtaka mtu mwenye kiburi cha mshindani aitumie nguvu yake yote kwa jambo lisilo lake, tena mara nyingi kwa mtu ambaye hangemkaribisha mezani.

Hisa zake za timu Williams aliziuza kwa Cooke mwaka 1985, na makombe ya Baltimore yana jina la Baltimore. Katika vitabu vya sheria pia hutamkuta kirahisi. Hukumu ya ukuta inaitwa Silverman, kwa jina la mshtakiwa. Ile iliyozuia serikali kumfukuza nchini kinara wa genge inaitwa Costello. Wanafunzi wa sheria huzikariri bila kumtaja wakili aliyezisimamia, na sheria haipungukiwi kitu kwa hilo. Kazi ilikuwa imefanywa kwa ajili ya wenye majina hayo.