Safari ya Neno "Amiable" katika Pride and Prejudice

Wapo wenzetu wanaodai kwamba Pride and Prejudice ni hadithi ya mabinti wanaosaka waume wenye fedha, basi. Ni kweli kwamba riwaya hii ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, imejaa posa na hesabu za mali. Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka, na nyumba ya akina Bennet itarithiwa na Collins kwa kuwa mzee Bennet kazaa mabinti watupu. Lakini kwa maoni yangu, msomaji anayeishia kwenye pauni ameikosa riwaya yenyewe. Hebu tufuate neno moja tu, "amiable", tuone linatoka kwa nani na linafika kwa nani.

Kwa Kiswahili tungesema mtu wa kupendeka. Tatizo ni kwamba yupo anayependeka kwa sura na maneno, na yupo anayestahili kupendwa kwa matendo yake. Katika Emma, Austen anamtumia Knightley kuieleza tofauti hiyo waziwazi, pale anaposema kuwa Frank Churchill anaweza kuwa "amiable" kwa Kifaransa tu, si kwa Kiingereza. Katika riwaya yetu hakuna wa kutueleza. Elizabeth anajifunza mwenyewe, na sisi tunajifunza pamoja naye.

Katika sura ya 27, Elizabeth bado anamwona Wickham kuwa ndiye kielelezo cha mtu "amiable". Kwa nini? Kijana ana umbo, ana bashasha, anajua kuzungumza. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Anapopata barua ya Darcy, Elizabeth anajaribu kukumbuka tendo moja jema la Wickham, asilione. Anachokumbuka ni kwamba majirani wote wanampenda. Hapa ndipo riwaya inapogeuka: sifa ilitolewa bila ushahidi.

Na gharama yake si ndogo. Elizabeth na dada yake Jane wanaamua kuinyamazia siri ya Wickham, mji unaendelea kumsifu, na Lydia, msichana wa miaka 16, anatoroka naye.

Ushahidi wa Darcy unatoka kwa nani? Kwa Mrs Reynolds, mtunza nyumba wa Pemberley, aliyemjua tangu akiwa na miaka minne. Wapo wanaosema Elizabeth alimpenda Darcy baada ya kuiona nyumba yake. Hoja hiyo siipuuzi, maana hata Elizabeth mwenyewe anamtania Jane hivyo. Lakini anayezungumza pale ni mtumishi, na bwana wake hayupo. Adabu za sebuleni huonyeshwa wageni, ila tabia ya mtu wanaijua walio chini yake. Lawama yangu kwa Austen ni kwamba maskini na wapangaji wanaosemekana kutendewa wema na Darcy hatuwasikii wakisema kwa vinywa vyao.

Sasa tufike sura ya 59. Elizabeth, machozi yakimlengalenga, anamwambia baba yake kwamba Darcy ni "amiable" kabisa. Neno lilelile! Limemhama mwenye maneno, limemwendea mwenye vitendo, na mtu yuleyule ndiye aliyelihamisha.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili awe macho. Akiandika "mchangamfu" kwa Wickham na "mwema" kwa Darcy, atakuwa ametutegulia kitendawili kabla hatujategewa. Neno libaki moja mwanzo hadi mwisho, msomaji naye adanganyike kwanza kama Elizabeth. Sisi tuna methali isemayo muungwana ni vitendo. Elizabeth analifikia jambo hilo kwa sura 59, na njiani mdogo wake ameshaolewa na Wickham.