Magenge Yasiyotajwa: R. S. Thomas na Pwani ya Llŷn

Mpenzi wa ushairi atakayeishika njia ya miguu inayoizunguka rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Wales, huku diwani ya R. S. Thomas imo mkobani mwake, atastaajabishwa na jambo moja. Pwani ile imejaa majina. Kila hori lina jina lake, kila rasi ndogo ina jina lake, hata visima na mawe yamepewa majina ya watakatifu ambao historia imekwisha kuwasahau. Lakini katika mashairi mashuhuri ya mtu aliyeishi ufukweni hapo kwa zaidi ya miaka ishirini, majina hayo ni haba mno. Ipo bahari, lipo jiwe, upo upepo, wapo ndege, na yupo mtu aliyepiga magoti. Mahali penyewe hapatajwi. Jambo hili si dogo, wala halifai kupitwa kwa kusema tu kwamba kila mshairi ana mtindo wake.

Njia yenyewe ni sehemu ya njia kubwa ya pwani ya Wales, yenye urefu wa maili 870, yaani kilomita 1,400 hivi, iliyofunguliwa Mei 5, 2012. Wakati huo Thomas alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 2000. Hata hivyo, miguu ilikwisha kupita huko karne nyingi kabla ya vibao vya kuelekeza wageni. Mahujaji walianzia Clynnog Fawr, penye kanisa la Mtakatifu Beuno, wakafuata pwani hadi Aberdaron, na kutoka hapo wakavuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Enlli, ambako mapokeo yanasema wamezikwa watakatifu 20,000. Ilisemwa pia kwamba kuhiji Enlli mara tatu ni sawa na kuhiji Roma mara moja. Hesabu za namna hii hazihitaji kuthibitishwa. Zinaonyesha tu jinsi watu walivyouogopa mkondo wa maji uliopo baina ya kisiwa na bara.

Mwenye kutoka kaskazini hukutana kwanza na milima ya Yr Eifl, ambayo huteremka ghafla hadi baharini. Chini yake limejificha bonde la Nant Gwrtheyrn. Hapo palikuwa na kijiji cha wachonga mawe; matale yao yalipakiwa melini na kwenda kutandikwa katika barabara za miji kama Liverpool. Soko la mawe lilipokufa, kijiji nacho kikafa, na kufikia mwaka 1959 nyumba zote zilikuwa tupu. Mwaka 1978 zilinunuliwa ili pawe kituo cha kufundishia Kiwelisi, na mafunzo yakaanza mwaka 1982. Bonde hilo lina kisa chake, kisa cha Meinir, bibi harusi aliyejificha kwa mzaha kama ilivyokuwa desturi, akanasa ndani ya mwaloni wenye uvungu, asionekane hadi miaka mingi baadaye radi ilipoupasua mti na mifupa yake ikaonekana mbele ya Rhys, mchumba wake. Mkalimani wa alama asingekosa la kusema: lugha nayo ilijificha katika bonde lile, ila yenyewe ilitolewa ingali hai. Thomas, aliyeipigania lugha hiyo kwa ukali kuliko wazawa wengi, hakuwa na haja ya kisa kama hiki. Yeye hakupenda visa.

Kusini zaidi ipo Porthdinllaen, ghuba iliyokingwa vizuri na upepo, ambayo mwanzoni mwa karne ya 19 ilitarajiwa kuwa bandari kuu ya kuvukia Ireland kabla Holyhead haijaishinda. Leo ni safu ya nyumba chache zilizopangana mchangani. Hapa ndipo msomaji anapokutana na ushairi wa aina nyingine kabisa, ule wa J. Glyn Davies (1870–1953), mtaalamu aliyezaliwa Liverpool ambaye alizichukua tuni za mabaharia akazitungia maneno ya Kiwelisi ili watoto waimbe. Diwani yake ya mwaka 1923 ilipewa jina la Huw Puw, nahodha wa chombo kidogo cha kubebea shehena, na ile ya mwaka 1936 ikabeba jina la Porthdinllaen yenyewe. Ni nyimbo nyepesi, na pengine wahakiki wa mashairi mazito watazidharau. Lakini ndani yake bahari ni kazi. Jina la bandari si pambo la mshororo; ni mahali ambapo kamba hufungwa na shehena hushushwa. Kwa baharia jina la mwamba ni uhai: asiyelijua atauvamia.

Baada ya hapo njia hupanda na kushuka. Ipo Porthor, ambako mchanga mkavu hulia chini ya unyayo, jambo lililowafanya Waingereza wapaite Mchanga Unaopiga Mbinja. Kisha magenge huinuka hadi Uwchmynydd, ncha ya rasi, na ghafla Enlli inaonekana, mgongo wake umeelekezwa bara kana kwamba kimenuna. Chini ya genge kipo kisima cha Mariamu, Ffynnon Fair, tundu katika mwamba ambalo bahari hulifunika maji yanapojaa. Yakikupwa, maji yaliyomo ni matamu. Kunguru wenye midomo na miguu myekundu huchezea upepo juu ya magenge hayo. Miamba ya huko ni miongoni mwa mikongwe ya Wales, na Thomas alipenda kuukumbuka ukongwe huo kila alipopima ufupi wa maisha ya mwanadamu.

Aberdaron ndipo mahali pake hasa. Alizaliwa Cardiff mwaka 1913, akalelewa Holyhead, akawa kasisi wa vijiji vya bara, na mwaka 1967 akapewa kanisa la Mtakatifu Hywyn, lililojengwa juu kidogo ya mchanga, makaburi yake yamezuiliwa na ukuta ili yasichukuliwe na mawimbi. Alilitumikia hadi alipostaafu mwaka 1978, kisha akahamia kijumba cha mawe huko Rhiw, juu ya ghuba ya Porth Neigwl. Diwani yake ya mwaka 1975, Laboratories of the Spirit, ina shairi la kuitazama bahari, Sea-watching, ambamo kumngojea ndege adimu na kuomba dua huwa tendo moja. Msomaji aliyezoea vina na mizani huenda akaona mishororo yake imevunjikavunjika tu. Asiharakishe. Mshororo hukatwa pale ambapo jicho linangoja, na nafasi tupu ya karatasi inafanya kazi ya upeo wa macho. Aghalabu ndege hatokei. Asipotokea, ndipo shairi linapofaulu, kwa sababu dua iliyojibiwa papo hapo isingemwachia mshairi huyu kitu cha kusema.

Hapo hapo pana shairi jingine ambalo Wawelisi wengi hulipenda zaidi, na kulilinganisha na la Thomas kuna faida. Cynan (1895–1970), mzaliwa wa Pwllheli, alitunga kwa Kiwelisi shairi liitwalo Aberdaron. Nafsineni anaota kwamba atakapokuwa mzee, mwenye fedha na heshima, atanunua kijumba kisicho na kitu mbele ya mlango wake ila magenge na mawimbi, na jina la Aberdaron linarudi kama kibwagizo. Ni shairi tamu, la kuimbika, la kukaririka. Lakini ukilisoma leo, utamu wake una shubiri ndani. Ndoto ya kununua kijumba chenye kutazama bahari ndiyo iliyowaleta matajiri wa mbali katika rasi hii, hadi vijana wa hapo wakashindwa bei. Huko Abersoch, upande wa pili wa rasi, shule ya msingi ilifungwa Desemba 2021 kwa kukosa watoto. Cynan hana lawama katika hilo. Aliota ndoto ya mwananchi anayerudi kwao. Shairi hata hivyo halichagui nani ataliota.

Thomas aliiona hatari hiyo mapema, na hapa ndipo kimya chake juu ya majina kinapoanza kueleweka. Kiwelisi hakikuwa lugha ya mama kwake, alijifunza ukubwani. Alikizungumza, akahubiri kwacho, akaandika insha kwacho, lakini alishikilia kwamba ushairi haumjii mtu ila kwa lugha aliyoinyonya utotoni, na yake ilikuwa Kiingereza. Basi alikuwa mtunzi wa pwani ya Kiwelisi kwa lugha ileile iliyokuwa ikiyafuta majina ya pwani hiyo. Porth Neigwl, aliyoiona kutoka dirishani pake, Waingereza huiita Mdomo wa Jahanamu kwa vile upepo wa kusini-magharibi uliwanasa humo mabaharia wa matanga. Karibu na Pwllheli kulikuwa na Penyberth, nyumba ya kale iliyowapokea washairi na mahujaji, iliyobomolewa ili Jeshi la Anga la Uingereza lijenge shule ya kutupia mabomu. Septemba 1936 Saunders Lewis, Lewis Valentine na D. J. Williams walitia moto mahali hapo kisha wakajipeleka wenyewe polisi. Baraza la wazee wa mahakama Caernarfon halikuafikiana. Kesi ikahamishiwa London, nao wakafungwa miezi tisa mwaka 1937. Watu wa rasi hii walijua, muda mrefu kabla ya Thomas kufika, kwamba mahali pakishapotezwa jina, kupabomoa ni kazi nyepesi.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika nathari yake. Mwaka 1990 Thomas alichapisha kwa Kiwelisi Blwyddyn yn Llŷn, yaani Mwaka katika Llŷn, kitabu cha miezi kumi na miwili ya pwani hiyo. Humo Llŷn imo hata katika jalada, imeandikwa kama wenyewe wanavyoiandika. Shairi lake la Kiingereza kuhusu mwezi na kanisa la mawe limeitwa The Moon in Lleyn, kwa tahajia ya Kiingereza. Mtu mmoja, rasi moja, tahajia mbili. Na shairi lake la hija ya kisiwani, Pilgrimages, kisiwa chake hakina jina, ingawa kila anayejua pwani ile anajua ni kipi. Si kusahau huko. Jina angelitaja mbele ya watu waliokwisha kuligeuza. Akaona heri alifiche.

Je, hiyo inatosha kuwa utetezi? Kwa upande wa imani, ndiyo, kwa sababu Mungu wa Thomas ni Mungu asiyepatikana kwa kuitwa, na kisiwa kisicho na jina kinafaa kuwa makao yake. Kwa upande wa pwani, ushairi umepungukiwa. Mchonga mawe wa Nant Gwrtheyrn hayumo, nahodha Huw Puw hayumo, na mvuvi wa kamba wa Aberdaron huonekana kwa mbali tu, kama naye ni sehemu ya upweke wa padri. Hata tawasifu yake ya mwaka 1985 aliiita Neb, yaani Hapana Mtu, akajisimulia kwa nafsi ya tatu. Aliyejifuta yeye mwenyewe kwa ukali huo alipitiliza, akawafuta na majirani.

Atakayejaribu siku moja kuyafasiri mashairi haya kwa Kiswahili atakumbana na suala hilo katika neno la kwanza. Aandike Lleyn kama mshairi alivyoandika kwa Kiingereza, au Llŷn kama alivyoandika kwa lugha aliyoipigania? Kiswahili hakidaiwi uaminifu na tahajia ya London. Aandike Llŷn, na lile kofia juu ya y lisiachwe.