Paa ya Paa na Bembelezi la Mto Tana

Sanaa huzaliwa mahali, hulelewa na watu, kisha husafiri. Safarini huweza kukua, huweza kudhoofika, na huweza kufa. Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kuihukumu nyumba ya sanaa, usitazame ukubwa wa jengo wala wingi wa wageni waliokaribishwa. Uliza swali moja: je, sanaa iliyoingia humo ilitoka ikiwa hai?

Swali hili twaweza kuliuliza juu ya Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1965, katikati ya mji, katika Barabara ya Koinange. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasoma Makerere. Jina la nyumba hiyo lina mchezo wa maneno. Paa ni mnyama wa porini; kupaa ni kwenda juu; na paa ni kifuniko cha nyumba. Mwenye kushika sana sarufi atasema kwamba mnyama hutaka upatanisho mwingine. Lakini jina lilikusudiwa kuvuta sikio, na likavuta. Humo michoro ilitundikwa, vinyago viliwekwa na mashairi yalisomwa. Sanaa zilizozoea kukaa mbalimbali zilikutana chini ya paa moja, zikajaribiwa pamoja.

Sifa kubwa ya nyumba hii ni fundisho lake kwamba msanii asiwe mwigaji. Njau alikuwa amekwisha kulionyesha kwa vitendo kabla ya kulisema kwa maneno. Katika kanisa kuu la Murang'a, michoro yake mitano ya ukutani, iliyokamilika mwaka 1959, yaonyesha maisha ya Kristo katika nchi ya Wakikuyu, na Kristo mwenyewe ni Mwafrika. Tazama alilolifanya. Hakubuni kisa kipya. Alikichukua kisa cha kale akakipa udongo mwingine, nacho kikaota. Basi wanakosea wadhanio kwamba kufanya majaribio katika sanaa ni kufanya maajabu, au kudharau ya wazee. Jaribio ni kulipeleka jambo la zamani mahali papya ili ionekane kama litaishi.

Sisi tulio Garsen na ukingoni mwa Tana tuna mizani ya kulipimia jambo hili, maana vitu viwili vya Wapokomo vimesafiri mbali. Cha kwanza ni ngadji, ngoma kuu iliyokuwa alama ya mamlaka na fahari yao. Ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Mbao zake zilihifadhiwa. Sauti yake haikuhifadhiwa. Zaidi ya miaka mia moja ilipita pasipo mkono wa mwenyewe kuigusa kando ya mto wake. Haya ni makumbusho, lakini si maisha.

Cha pili ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, tume ya wanamuziki watano iliteua sauti ya bembelezi la Kipokomo, ikaitilia maneno ya sala, na huo ndio wimbo wa taifa tuuimbao mpaka leo. Usikilize vizuri. Nyimbo nyingi za mataifa hupiga kwato kama farasi wa vita. Huu waenda polepole, una huzuni kidogo na unyenyekevu mwingi, kwa kuwa ndani yake mama angali akimtuliza mwanawe. Hilo ni jaribio lililofaulu kabisa, wala halikuhitaji jumba. Kasoro yake ni moja: Wakenya wengi huuimba pasipo kujua ulikotoka.

Twarudi sasa kwa Paa ya Paa, tuihukumu kwa haki. Iliwapa wasanii wa Afrika Mashariki mahali pao mjini, na hilo lastahili shukrani. Lakini kila nyumba ya mjini ina upungufu huu, kwamba aliye mbali haifikii. Mama wa Garsen mwenye wimbo bora hana nauli ya kwenda Nairobi, na hakuna aliyemwuliza. Tena, kilichokusanywa mahali pamoja huweza kupotea pamoja. Paa ya Paa ilikuwa imehamia Ridgeways, nje ya kitovu cha mji, moto ulipoiteketeza mwaka 1997 pamoja na kazi nyingi za sanaa. Wenyewe hawakukata tamaa, wakaendelea. Lakini mchoro uliokwisha kuungua hauchoreki tena. Bembelezi haliungui, maana limewekwa vinywani mwa watu wengi.

Je, jaribio laweza kufanyika shamba? Laweza. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi usio na paa, wakacheza mchezo kwa Kikuyu, lugha yao wenyewe. Serikali iliukataza mwaka uo huo, na ukumbi ukabomolewa mwaka 1982. Hakuna atumaye nguvu nyingi kiasi hicho kukibomoa kitu kisicho na uhai.

Basi, msomaji kijana, nyumba ya sanaa ya mjini ni njema kama ni gati: vyombo hufika, hushusha, hupakia, huondoka. Ikiwa kaburi, hata kuta zake ziwe nzuri namna gani, haina faida. Nawe usingoje gati ijengwe Garsen ndipo uanze. Mwulize bibi yako nyimbo azijuazo, uziandike kwa hati safi, na ulitaje jina lake. Kisha zijaribu upya mbele ya wenzako, akiwapo yeye asikilize. Akiutambua wimbo wake na pia akastaajabu, umefaulu.