Erika iliyorudi Cape Town: bustani ilifanya nini, na moto ulifanya nini

Erica verticillata ni kichaka kisichopukutisha majani, hufikia mita 2 hivi, na maua yake ya waridi, marefu na yenye umbo la mrija, hulizunguka tawi safu kwa safu. Porini kilimea mahali pamoja tu duniani: uwanda wa mchanga wa Cape Flats, ambao sasa umejaa mitaa ya Cape Town. Mashamba, nyumba na wachuma maua wa kuuza walikimaliza, na kufikia katikati ya karne ya 20 kilihesabika kuwa kimetoweka. Leo kinachanua tena katika hifadhi ya Rondevlei mjini humo, na ndege aina ya chozi wanakuja kunywa nekta. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa bustani. Ukifuatilia kazi yenyewe hatua kwa hatua, utaona bustani inastahili nusu tu ya sifa hiyo. Ilitunza mimea, lakini kuifanya iishi bila mtunzaji kulihitaji mambo ambayo hakuna kitalu kinachoweza kuyatoa.

Mwaka 1984 kichaka hiki kiligunduliwa kikiwa hai katika bustani ya umma mjini Pretoria, mbali kabisa na kwao. Baadaye kilipatikana pia katika bustani ya Kew, Uingereza, ndani ya Kirstenbosch, bustani ya mimea ya Cape Town yenyewe, na katika bustani ya Belvedere mjini Vienna, ambako wakusanyaji wa Kaizari Joseph II walipeleka mimea mingi ya Rasi mwishoni mwa karne ya 18. Utawanyiko huo ndio uliookoa jahazi. Erika huzidishwa kwa vipandikizi: unakata ncha changa ya tawi, unaondoa majani ya chini, unaichovya kwenye homoni ya mizizi, kisha unaichomeka kwenye mchanga wenye joto kwa chini na ukungu wa maji kwa juu. Njia hiyo ni rahisi na ya uhakika, ila kila kipandikizi ni nakala ya mama yake. Kama mimea yote ingetoka kwenye kichaka kimoja cha Pretoria, Rondevlei ingejaa mmea mmoja uliorudiwa mara mia, na ugonjwa mmoja ungetosha kuumaliza wote. Asili zile tofauti, hata zikiwa chache, ndizo zilizorudisha uwezekano wa uchavushaji wa kweli na mbegu zenye vinasaba vilivyochanganyika.

Upandaji wa kwanza Rondevlei ulifanyika mwaka 1994, na ardhi ikatoa jibu lake bila kuchelewa: mimea iliyostawi ni ile iliyowekwa penye unyevunyevu. Mizizi ya erika ni myembamba kama nywele na haiendi chini sana, kwa hiyo ukame mfupi tu unaiua. Hupata chakula kwa msaada wa kuvu wanaoishi ndani yake, katika udongo mchachu usio na rutuba. Ukiumwagia samadi na chokaa udongo huo kwa nia njema, unakiua kichaka. (Wapenda bustani wengi huumizwa na nia njema ya namna hiyo.)

Kisha kuna moto. Uoto wa fynbos, yaani vichaka vya asili vya Rasi, umezoea kuungua kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 1990 watafiti de Lange na Boucher walionyesha kuwa moshi wenyewe unaweza kuamsha mbegu za mmea wa fynbos, na Kirstenbosch ikaanza kuuza karatasi zilizonyweshwa maji ya moshi kwa ajili ya kuloweka mbegu. Mtu atauliza: kama karatasi inatosha, kwa nini uchome hifadhi iliyozungukwa na nyumba? Ni kwa sababu karatasi huotesha mbegu lakini haiondoi vichaka vikongwe vinavyoinyima miche mwanga na nafasi. Hata hivyo, dawa hii ya kuchoma moto isibebwe kibubusa hadi Kilimanjaro. Huko misitu ya Erica excelsa hunasa maji ya ukungu, na mioto ya mara kwa mara, ukiwamo ule wa Oktoba 2020, imeushusha mpaka wa juu wa msitu badala ya kuufufua. Kinachoamua ni historia ya kila uoto na moto, wala si jina la jenasi.

Wapo wanaosema kuwa mmea uliokaa bustanini karne mbili huenda umechanganyika na spishi nyingine. Kwa mbegu hofu hiyo ina msingi, maana erika nyingi hupandwa pamoja. Lakini mmea uliozidishwa kwa vipandikizi mfululizo hauna mlango wa kuingiza damu ya kigeni, na maua yake yanaweza kulinganishwa na vielelezo vikavu vya zamani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba orodha ya mimea iliyo hatarini nchini Afrika Kusini bado inakiweka kichaka hiki katika kundi la vilivyotoweka porini. Naona orodha iko sahihi: kipimo hapa ni miche inayoota yenyewe baada ya moto, ikakua, ikatoa mbegu zake, bila mtu kuhesabu ndoo za maji.