Pale GET Ilipokatwa Vipande

Mei 2006 ilijulikana hadharani kwamba vifaa vya ulinzi wa mtandao vya Cisco, yaani PIX, ASA na ile moduli ya FWSM inayochomekwa ndani ya swichi na ruta kubwa, vilikuwa na tundu la ajabu. Mfanyakazi aliyefungiwa tovuti fulani ofisini angeweza kuifungua bila kuiba nywila, bila kubadili anwani na bila kupitia seva ya nje. Alichotakiwa kufanya ni kulikata neno GET, ambalo huanza ombi la kivinjari la kufungua ukurasa. Waliolifichua ni watafiti wa Virtual Security Research ya Marekani, na udhaifu huo ukasajiliwa kwa namba CVE-2006-0515.

Tuanze na jinsi uchujaji wenyewe ulivyofanyika. PIX haikubeba orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku. Orodha ilikaa kwenye seva ya pembeni, ya Websense au N2H2. Mtu akifungua ukurasa, kivinjari chake hutuma mstari wa aina hii: GET /michezo/index.html HTTP/1.1, na chini yake jina la tovuti. PIX iliisoma anwani hiyo na kuiuliza seva ya uchujaji, ambayo kwa Websense husikiliza kwenye bandari 15868. Wakati huohuo ombi lenyewe liliachwa liende kwenye tovuti, ili muda usipotee. Jibu la tovuti likiwahi kabla ya hukumu, lilizuiwa mlangoni. Hukumu ikiwa ni kukataa, mtumiaji alipelekwa kwenye ukurasa wa kumwambia amekatazwa.

Ni mpango mzuri, ila una msumari mmoja unaoshikilia kila kitu: lazima PIX itambue kwamba kilichopita ni ombi la GET. Isipotambua, haiulizi. Isipouliza, hakuna wa kukataza.

Sasa tazama pakiti zenyewe. Katika hali ya kawaida ombi zima huingia ndani ya pakiti moja, kwa sababu pakiti ya TCP kwenye Ethernet hubeba hadi baiti 1,460 na maombi ya miaka ile yalikuwa mafupi. Lakini TCP haijawahi kuahidi hivyo. Kanuni yake ya mwaka 1981, RFC 793, inazungumzia mfululizo wa baiti, na mahali pa kukata ni hiari ya mtumaji. Basi mtumaji mjanja anatuma pakiti ya kwanza yenye herufi moja tu, G. Ya pili inabeba ET /michezo/index.html na yaliyobaki. Seva ya tovuti haishtuki hata kidogo: inaziunga baiti kwa namba zake za mfuatano, inasoma GET, inatoa ukurasa. PIX nayo imeona pakiti yenye G, ambayo si ombi, kisha pakiti inayoanza na ET, ambayo si ombi pia. Zote mbili zikapita, na Websense haikuulizwa lolote.

Wala hapakuhitajika utaalamu. Telnet ya Windows hutuma kila herufi mara inapobonyezwa, kwa hiyo mtu aliyeandika ombi lake kwa mkono polepole alikuwa anaikata GET vipande vitatu bila hata kukusudia. Vivinjari ndivyo visivyofanya hivyo, na huenda majaribio ya kiwandani yalifuata tabia ya vivinjari.

Kuna watakaosema hili lilikuwa jambo jipya. Halikuwa. Januari 1998 Thomas Ptacek na Timothy Newsham walikwisha andika kwa kirefu jinsi kifaa cha kati kinavyoweza kusoma mazungumzo kwa namna moja na mpokeaji akayasoma kwa namna nyingine, na kukata data vipande ni mojawapo ya mbinu walizozieleza. Miaka 8 baadaye kifaa cha gharama kubwa kinapitwa na herufi moja!

Sababu ninayoiona ni kumbukumbu. Kuunga vipande kunadai kifaa kitenge nafasi kwa kila muunganisho, na mwenye nia mbaya anaweza kufungua maelfu ya maombi nusu nusu hadi nafasi iishe. Mhandisi anayepimwa kwa kasi atashawishika kutazama pakiti mojamoja. Hilo naweza kulielewa. Nisilolikubali ni uamuzi wa pili, wa kuruhusu kile ambacho kifaa hakikukielewa. Chujio linaloachia kila lisichokitambua linawazuia watu watiifu peke yao. Cisco ilirekebisha kasoro hiyo katika matoleo kama 6.3.5(112), 7.0(5) na 7.1(2).

Tatizo lenyewe, hata hivyo, limehamia kwingine. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, na vichujio vingi husoma jina la tovuti katika ujumbe wa kwanza wa TLS, itifaki inayoilinda HTTPS, ambao kwa kawaida bado huenda wazi. Programu kama GoodbyeDPI, inayojulikana sana miongoni mwa watumiaji wa Urusi, huukata ujumbe huo vipande kwa mantiki ileile ya G na ET. Kisha Aprili 2024 Chrome 124 ikawasha kwa kawaida ufunguo wa usimbaji wa Kyber, wenye baiti 1,184 peke yake, na ujumbe wa kwanza ukawa hauenei tena ndani ya pakiti moja. Hapo hakuna aliyekuwa anakwepa chochote, lakini baadhi ya seva na vifaa vya kati vilivyozoea ujumbe mzima kuja kwa mkupuo vilikata miunganisho ya watu wanaofungua kurasa halali. Kosa ni lile la PIX, ila safari hii aliyeumia ni asiye na hatia.

Kama wewe ndiye unayesimamia mtandao wa shule, benki au ofisi, usiridhike na muuzaji anayekuonyesha ukurasa mwekundu wa kukatazwa kwenye kivinjari. Mwambie atume ombi lilelile baiti moja moja, la HTTP na la TLS, ukiwa unatazama, kabla hujasaini hundi.